Namna ya Kuhesabu Nambari Zenye Tarakimu Fulani Bila Kuziorodhesha

Hapa Kenya, Mombasa ni kaunti nambari 001. Kwale ni 002, Kilifi 003, Tana River 004, Lamu 005, Taita Taveta 006, na orodha inaendelea hivyo hadi Nairobi, 047. Katika nambari hizo 47, ni ngapi zina tarakimu 4 ndani yake? Ukihesabu kwa vidole utapata 12: yaani 4, 14, 24, 34, halafu 40 hadi 47. Orodha ni fupi, vidole vinatosha. Lakini swali lile lile likiulizwa kwa wadi 1,450 za nchi nzima, au kwa nambari za simu milioni moja, vidole havifai tena. Hapo ndipo unahitaji njia.

Nimeandika nikiwafikiria wazazi wanaokaa na watoto usiku juu ya kazi ya nyumbani, walimu wa tuisheni, na mtu yeyote ambaye kazi yake inamkutanisha na nambari nyingi: karani, fundi wa kuandika vibao, mwenye duka. Hakuna hesabu ngumu humu. Ukijua kuzidisha na kutoa, unaweza kufika mwisho. Chukua kalamu na karatasi, maana kusoma tu hakutoshi.

Hatua ya 1: Jua ni swali lipi unaloulizwa

Kuna maswali matatu yanayochanganywa kila mara.

La kwanza: nambari ngapi *zina* tarakimu fulani? La pili: tarakimu hiyo *inaandikwa mara ngapi*? La tatu: nambari ngapi *zinaanza* na tarakimu hiyo?

Tazama nambari 1 hadi 99 na tarakimu 7. Zenye 7 ni 19. Lakini 7 yenyewe inaandikwa mara 20, kwa sababu 77 ina mbili. Zinazoanza na 7 ni 11 tu: 7 yenyewe, na 70 hadi 79. Orodha ni moja, tarakimu ni moja, na majibu ni matatu tofauti. Mwanafunzi anayekosa swali la aina hii mara nyingi hajashindwa na hesabu. Amejibu swali la jirani.

Kabla ya kuendelea andika pia mipaka. Je, orodha inaanza 0 au 1? Nambari ya mwisho imo au haimo? Na je, sifuri za mbele zinaandikwa, kama kwenye 001, au haziandikwi? Hili la mwisho nitalirudia, kwa sababu linageuza jibu kabisa.

Hatua ya 2: Chora nafasi tupu, kisha hesabu zisizo nayo

Swali: kutoka 1 hadi 999, nambari ngapi zina 7?

Chora visanduku vitatu: mamia, makumi, mamoja. Nambari 7 iandike 007, na 45 iandike 045, ili zote ziwe na urefu mmoja. Kila kisanduku kinaweza kujazwa kwa tarakimu kumi, 0 hadi 9, kwa hivyo jumla ni 10 × 10 × 10 = 1,000, kuanzia 000 hadi 999.

Sasa usihesabu zenye 7. Hesabu zisizo nayo. Nambari yenye 7 inaweza kuwa nayo mara moja, mara mbili au mara tatu, mwanzoni, katikati au mwishoni, nawe utalazimika kufuata kila aina na kuhakikisha hujairudia. Isiyo na 7 haina aina. Kila kisanduku kimebakiwa na tarakimu tisa, basi: 9 × 9 × 9 = 729.

Toa: 1,000 − 729 = 271. Nambari 000 haina 7, kwa hivyo haikuingia kwenye jibu, na 271 ndilo jibu la 1 hadi 999. Ndilo pia jibu la 1 hadi 1,000, kwani 1,000 yenyewe haina 7.

Wengi hutoa jibu la 300. Wanasema: kwenye mamoja 7 inatokea mara 100, kwenye makumi mara 100, kwenye mamia mara 100. Ni kweli, lakini hilo ni jibu la swali la pili, la mara ngapi inaandikwa. Nambari kama 177 imehesabiwa mara mbili humo, na 777 mara tatu.

Njia hii haijali ni tarakimu gani. Weka 3, weka 8, jibu ni lile lile 271. Ni sifuri pekee inayokataa, nayo ina hatua yake.

Ukiongeza visanduku, ona zinavyokua. Kwa nafasi mbili, zenye 7 ni 19 katika 100. Kwa tatu, 271 katika 1,000. Kwa nne, 3,439 katika 10,000. Kwa tano, 40,951 katika 100,000. Kwa sita, 468,559 katika milioni moja. Kwa saba zinafika 5,217,031 katika milioni kumi, yaani zimevuka nusu. Kila unapoongeza nafasi, sehemu ya zisizo na 7 katika jumla inabaki tisa kwa kumi tu ya ilivyokuwa, na kadiri nambari zinavyorefuka ndivyo ile isiyo na 7 inavyokuwa adimu.

Hili unaweza kulitumia kwenye simu yako. Nambari ya simu ya mkononi hapa Kenya ina tarakimu kumi na huanza na 07 au 01. Chukua zote zinazoweza kuanza na 0722. Zimebaki nafasi sita, kwa hivyo ni milioni moja. Zenye 7 nyingine baada ya 0722 ni 468,559, na zisizo nayo ni 531,441. Mtu anayetafuta laini isiyo na 7 tena baada ya mwanzo huo ana nafasi nzuri kidogo kuliko nusu kwa nusu.

Hatua ya 3: Mpaka usio 100 wala 1,000

Vitabu vya shule hupenda kuishia 100 na 1,000. Maisha hayaishii hapo. Kenya ina wadi 1,450, nazo zimepewa nambari 0001 hadi 1450. Ni ngapi zina 7?

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu, kwa sababu ukiiweza hatua hii unaweza kujibu swali lolote la aina hii. Andika mpaka, 1 4 5 0, tarakimu zikiwa zimeachana. Tunatafuta zisizo na 7 kuanzia 0000 hadi 1450. Tembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye kila nafasi jiulize: ni tarakimu ngapi *ndogo kuliko ya mpaka* naruhusiwa kuweka? Ukishaweka iliyo ndogo, nafasi zote za kulia zinakuwa huru, kila moja ikiwa na chaguo tisa.

Maelfu: iliyo ndogo kuliko 1 ni 0 tu. Nafasi tatu za kulia ni huru. 1 × 9 × 9 × 9 = 729.

Sasa weka 1 yenyewe na usogee. Mamia: ndogo kuliko 4 ni 0, 1, 2, 3, yaani nne. 4 × 9 × 9 = 324.

Weka 4, sogea. Makumi: ndogo kuliko 5 ni tano. 5 × 9 = 45.

Weka 5, sogea. Mamoja: ndogo kuliko 0 hakuna. Andika 0.

Umefika mwisho ukiwa na 1450 yenyewe mkononi. Haina 7, kwa hivyo ongeza 1.

Jumla: 729 + 324 + 45 + 0 + 1 = 1,099. Kutoka 0 hadi 1,450 kuna nambari 1,451. Toa: 1,451 − 1,099 = 352.

Hakiki kwa njia nyingine. Kutoka 1 hadi 999 zipo 271. Kutoka 1,000 hadi 1,399 kuna mamia manne, kila moja lina 19, jumla 76. Kutoka 1,400 hadi 1,450 ni 1,407, 1,417, 1,427, 1,437 na 1,447, yaani tano. 271 + 76 + 5 = 352. Njia mbili, jibu moja. Usimkubalie mtoto jibu la hatua hii mpaka alipate kwa njia mbili.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza: tarakimu unayoikataa ikiwa ndogo kuliko ya mpaka, itoe kwenye hesabu. Mpaka ukiwa 850, zilizo ndogo kuliko 8 ni nane, lakini 7 imekatazwa, kwa hivyo zimebaki saba. Wa pili: mpaka wenyewe ukiwa na tarakimu iliyokatazwa, unasimama pale pale unapoikuta. Chukua 1,745. Maelfu yanatoa 729. Mamia: ndogo kuliko 7 ni saba, 7 × 81 = 567. Ukitaka sasa kuweka 7 na kusogea, huwezi, imekatazwa. Simama, na ile 1 ya mwisho usiiongeze. Zisizo na 7 ni 1,296, na zenye 7 ni 1,746 − 1,296 = 450. Mwanafunzi mzuri hukosea hapa kwa mazoea ya kuongeza 1 bila kuutazama mpaka.

Hatua ya 4: Sifuri

Simama kando ya barabara pale Buxton, Mombasa, utazame nambari za magari. Katikati ya herufi zina tarakimu tatu, kuanzia 001 hadi 999, na sifuri za mbele zinaandikwa. Gari la saba ni 007, na hapo pana sifuri mbili kamili zinazoonekana kwa macho. Lakini mlango wa nyumba nambari 7 hauna sifuri hata moja.

Basi swali "ngapi zina sifuri?" lina majibu mawili.

Kwenye magari sifuri ni sawa na tarakimu nyingine. 1,000 − 729 = 271. Lakini 000 imo ndani ya hizo 271, na orodha inaanza 001, kwa hivyo toa moja: 270.

Kwenye milango, hesabu kwa urefu. Zenye tarakimu moja, 1 hadi 9: hakuna yenye sifuri. Zenye tarakimu mbili: zipo 90, zisizo na sifuri ni 9 × 9 = 81, basi zenye sifuri ni 9. Zenye tarakimu tatu: zipo 900, zisizo na sifuri ni 729, basi zenye sifuri ni 171. Jumla ni 180.

Tofauti ni 90. Swali likikujia bila kusema sifuri za mbele zinaandikwa au la, muulize aliyelitoa. Katika hesabu za shule kwa kawaida haziandikwi.

Hatua ya 5: Tarakimu inaandikwa mara ngapi

Hili ni swali la fundi. Tuseme umepewa kazi ya kuandika nambari kwenye vibanda 350 vya soko, 1 hadi 350, na malipo ni kwa tarakimu, au unakata vibao vya bati na unataka kujua 3 ngapi za kukata.

Kwanza jumla yote. Vibanda 9 vya tarakimu moja: 9. Vibanda 90 vya tarakimu mbili: 180. Kutoka 100 hadi 350 ni vibanda 251 vya tarakimu tatu: 753. Jumla, tarakimu 942.

Sasa 3 peke yake. Hapa huhesabu nambari, unahesabu nafasi, moja moja. Mamoja: 3, 13, 23, mpaka 343, ni 35. Makumi: 30–39, 130–139, 230–239, 330–339, ni 40. Mamia: 300 hadi 350, ni 51. Jumla 126.

Vibanda vyenye 3 ni 108 tu, ukitumia hatua ya 3. Hizo 18 zilizozidi ni za vibanda kama 33, 133 na 313 vyenye 3 mbili, na 333 chenye tatu. Fundi anayekata 108 atakwama kabla ya kumaliza kazi.

Ukifanya hivyo kwa tarakimu zote unapata: 1 mara 175, 2 mara 175, 3 mara 126, 4 mara 75, 5 mara 66, na 6, 7, 8, 9 na 0 mara 65 kila moja. Zijumlishe: 942. Ukaguzi huu ni mzuri kupita kiasi. Ukikosa tarakimu moja mahali popote, jumla itakukataa.

Hatua ya 6: Zinazoanza na tarakimu fulani

Hili ni jepesi kuliko yote, ila lina mshangao wake.

Nambari zinazoanza na 2 zimejipanga kwa mafungu: 2 peke yake, 20 hadi 29, 200 hadi 299, 2,000 hadi 2,999. Kila fungu ni mara kumi ya lililotangulia: 1, 10, 100, 1,000. Unachukua mafungu yote yaliyotimia kabla ya mpaka, kisha unapima la mwisho limekatwa wapi.

Maeneobunge ya Kenya ni 290, na sita ya mwanzo kwenye orodha ni ya Mombasa: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ukiziandika nambari bila sifuri za mbele, zinazoanza na 2 ni 1 + 10 + 91 = 102, kwa kuwa fungu la 200 linaishia 290. Zinazoanza na 1 ni 111. Kila moja ya 3 hadi 9 ina 11 tu, jumla 77. Hakiki: 111 + 102 + 77 = 290.

Kwa wadi 1,450, zinazoanza na 1 ni 1 + 10 + 100 + 451 = 562. Tarakimu nyingine zote nane zina 111 kila moja, jumla 888, na 562 + 888 = 1,450. Tarakimu moja imechukua zaidi ya theluthi ya orodha nzima. Ukiusogeza mpaka hadi 9,999, zinazoanza na 1 ni 1,111, sehemu moja kwa tisa kamili. Usogeze hadi 19,999, zinakuwa 11,111, zaidi ya nusu. Kwa hivyo mtu akikuuliza "ni sehemu gani ya nambari zote huanza na 1?", hakuna jibu moja. Linapanda na kushuka kadiri mpaka unavyosogea.

Mwaka 1881 mwanafalaki Simon Newcomb alieleza jambo linalokaribiana na hili: kurasa za mwanzo za majedwali ya logi (vitabu vya nambari vilivyorahisisha kuzidisha na kugawanya) huchakaa kuliko za mwisho, kwa sababu watu hutafuta zaidi nambari zinazoanza na tarakimu ndogo. Mwaka 1938 Frank Benford alilipima kwa takwimu za aina nyingi, na kanuni inaitwa kwa jina lake. Katika takwimu zinazotapakaa kutoka ndogo sana hadi kubwa sana, takriban asilimia 30.1 huanza na 1, asilimia 17.6 na 2, na asilimia 4.6 tu na 9. Wakaguzi wa hesabu huitumia kutafuta vitabu vilivyopikwa. Usiitumie kwa nambari za simu au za magari. Hizo zimegawiwa kwa mpango, hazikukua zenyewe.

Mwanzo ukiwa wa tarakimu mbili, mafungu ni yale yale. Kutoka 1 hadi 5,000, zinazoanza na 47 ni 47 yenyewe, kisha 470–479, kisha 4,700–4,799: jumla 111. Urefu ukiwa mmoja ni rahisi zaidi. Misimbo ya posta hapa nchini ina tarakimu tano: Mombasa 80100, Malindi 80200, Voi 80300, Lamu 80500. Inayoweza kuanza na 80 ni 10 × 10 × 10, yaani 1,000, iwe imetumika au haijatumika.

Hatua ya 7: Tarakimu mbili kwa pamoja

Kutoka 000 hadi 999, ngapi zina 4 *au* 7? Zikatae zote mbili: kila nafasi ina chaguo nane, 8 × 8 × 8 = 512. Jibu 1,000 − 512 = 488.

Ngapi zina 4 *na* 7? Zisizo na 4 ni 729, zisizo na 7 ni 729. Ukizitoa zote, zile 512 zisizo na yoyote umezitoa mara mbili, kwa hivyo zirudishe mara moja: 1,000 − 729 − 729 + 512 = 54.

Na zikitakiwa zifuatane, 47 pamoja kwa mpangilio huo? 47 ikiwa mbele, nafasi ya mwisho ina chaguo kumi. Ikiwa nyuma, ya mwanzo ina chaguo kumi. Jumla 20. Lakini kwa 77 jibu ni 19, kwa sababu 777 ina 77 mbele na 77 nyuma pia, nawe umeihesabu mara mbili. Kwa nafasi nne hata 47 inapata tatizo hilo: sehemu tatu mara 100 ni 300, ila 4747 imeingia mara mbili, basi ni 299.

Jaribu mwenyewe

Tumia nambari za maeneobunge, 1 hadi 290. Fanya bila kutazama majibu.

Ngapi zina tarakimu 2? Ngapi zina sifuri zikiandikwa kwa tarakimu tatu, 001 hadi 290? Ngapi zina sifuri zikiandikwa kawaida?

Majibu: 129; 137; 47. Ukipata 138 kwa la pili, umeihesabu 000.